Hukusikia Mluzi, au Hukusikia Hewa?

Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita na alikuwa akipigana na barakoa ya oksijeni. Kila nikimvisha anaing'oa, mama yake anairudisha, anaing'oa tena. Pumu ilikuwa imembana tangu jioni. Kifua kilipiga mluzi uliosikika hata bila stethoskopu, mbavu zilibonyea ndani kila alipovuta pumzi, na alikuwa anapumua mara 52 kwa dakika. Nilimhesabu dakika nzima kama tulivyofundishwa, maana pumzi ya mtoto haina mwendo mmoja. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili unaweza kujidanganya.

Nilikuwa daktari wa miezi saba. Dawa zote zinazotakiwa nilikuwa nimeziandika, kwa kiwango kinachotakiwa, kwa mpangilio wa mwongozo: dawa ya mvuke ya kufungua njia za hewa, ikirudiwa kila baada ya dakika 20, steroidi, oksijeni. Mwongozo wenyewe nilikuwa nao kwenye simu. Nilikuwa na kila mwongozo kwenye simu. Nitairudia hiyo simu.

Saa nane usiku nikarudi pale kitandani, nikakuta mambo yametulia. Nikahesabu pumzi: 24. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni: 94. Nikaweka stethoskopu kifuani, mluzi hakuna. Barakoa iko mahali pake, hakuna anayeing'oa. Nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko wa mtu aliyeridhika: "Anaendelea vizuri. Mluzi umeisha." Nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sikufika mbali. Muuguzi mkuu wa zamu ile alikuwa mama aliyekaribia kustaafu, na wodi nzima, kuanzia madaktari hadi wafagizi, tulimwita Mama tu. Alikuwa akipita na trei ya dawa kuelekea upande mwingine. Akasimama. Akaiweka trei juu ya kiti, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akasogea kitandani, akamshika mtoto bega na kumwita kwa jina. Mtoto akafungua macho, akayafumba. Mama akaivuta barakoa kidogo kutoka usoni pake, akasubiri, akairudisha. Mtoto hakufanya kitu.

"Daktari wangu, hebu njoo." Mbele ya watu niliitwa daktari wangu, tukiwa wawili niliitwa mwanangu. "Huyu ameacha saa ngapi kupigana na barakoa?"

"Ametulia, Mama. Dawa zimefanya kazi. Anapumua ishirini na nne sasa, na mluzi umeisha."

Hakubishana nami. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini ili mama wa mtoto asishtuke: "Hukusikia mluzi, au hukusikia hewa?"

Nikaweka tena stethoskopu. Upande wa kulia juu, kisha chini. Upande wa kushoto. Nikahamia mgongoni, mgongo umelowa jasho. Mluzi haukuwepo kweli. Wala hakikuwepo kitu kingine chochote. Kifua kilipanda na kushuka kidogo sana, na ndani yake kimya, kama mtu aliyetega sikio ukutani kwenye nyumba isiyokaliwa.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Daktari bingwa akaamshwa, dawa ya mvuke ikawekwa mfululizo bila kukatizwa, magnesiamu ikapitishwa kwenye mshipa, na kabla ya saa kumi mtoto alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona. Siku ya nne nilimkuta anagombana na mama yake kuhusu soksi, na ugomvi ule ulinifurahisha kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza, na ndiyo maana linaniuma. Mluzi wa pumu ni hewa inayolazimisha njia kwenye mirija iliyobana. Mirija ikibana kupita kiasi, au misuli ya kupumulia ikichoka, hewa haipiti ya kutosha kupiga mluzi. Pumzi zinapungua kwa sababu mtoto ameishiwa nguvu. Anaacha kung'oa barakoa kwa sababu hana mkono wa kuing'olea. Ile 94 ya kidoleni nayo haikunidanganya, mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilo lake: inapima oksijeni iliyo kwenye damu, na huyu alikuwa anapewa oksijeni; haisemi lolote kuhusu hewa chafu aliyoshindwa kuitoa. Kila namba niliyoiandika usiku ule ilikuwa sahihi. Kila namba ilikuwa imesogea kuelekea kwenye "kawaida". Nilizijumlisha, nikapata jibu la kinyume.

Na hapa ndipo penye aibu. Hali hii ina jina, inaitwa kifua kimya, na nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu ya njano. Katika mtihani wa mwaka wa nne iliulizwa, nikaijibu, nikapata. Asubuhi nilipofika nyumbani nilitoa lile daftari la zamani, nikakuta mstari wa njano upo, na pembeni nimeandika kwa mkono wangu: "dalili mbaya!" na alama ya mshangao nimeitia wino mara mbili. Niliketi nalo mapajani kwa muda mrefu. Mwenye habari nilikuwa mimi. Aliyeitumia alikuwa mtu mwingine, ambaye ningeweka dau kwamba hakuwahi kuipigia mstari popote.

Sasa ile simu. Wakati ule nilikuwa na mafaili zaidi ya mia tatu: miongozo, muhtasari wa tafiti, mihadhara ya video, picha za slaidi zilizopigwa kwa pembeni ukumbini, vichwa vya watu vikiwa vimeziba nusu ya maneno. Nilikuwa kwenye makundi manne ya madaktari vijana tuliotumiana makala usiku na mchana. Nikiona makala nzuri naihifadhi, na ile kuihifadhi inanipa raha fulani, kama vile nimekwisha kuisoma. Zile nilizozisoma zilinipa raha nyingine, kama vile nimekwisha kuzitenda. Katika mikutano ya asubuhi nilikuwa wa kwanza kusema "kuna utafiti mpya". Wakubwa walitikisa vichwa kwa kunikubali. Sidhani kama nilikuwa na majivuno ya makusudi. Nilikuwa na hofu, kama daktari yeyote mpya, na kujaza simu ilikuwa namna yangu ya kuituliza.

Kwa Kiswahili tuna bahati, maneno yetu yanatuonya tukiyatega sikio. Taarifa, maarifa, arifu: ukoo mmoja, mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kujua na kujulishwa. Hekima hayumo katika ukoo huo. Ndugu zake ni hukumu na hakimu. Mwenye taarifa ameambiwa. Mwenye hekima anaamua, na akishaamua anakaa pale pale lawama itakapomkuta. Usiku ule mimi niliarifiwa vizuri sana. Uamuzi niliuacha ufanywe na namba, kisha nikatia sahihi.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Stanislav Petrov nikamwelewa mara moja, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa zamu ya usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1983 alikuwa kwenye kituo cha kijeshi cha Kisovieti karibu na Moscow, kazi yake kusimamia mitambo inayopokea taarifa za setilaiti. Mitambo ikatangaza kwamba Marekani imerusha kombora. Kisha la pili. Yakafika matano, na mtambo wenyewe ukasema una uhakika wa kiwango cha juu kabisa. Kazi yake ilikuwa kuwaarifu wakubwa. Aliwaarifu, lakini akawaambia ni hitilafu. Kwa nini? Rada za ardhini hazikuwa zimeona kitu, mtambo ulikuwa mpya, na kilichomsumbua zaidi ni ile hesabu: nani aanzishe vita vya nyuklia kwa makombora matano? Baadaye ikabainika kwamba setilaiti ilikuwa imeona mwanga wa jua ukiakisiwa na mawingu.

Kinachonivuta kwenye kisa hiki ni kwamba hakuwa na taarifa nyingi kuliko mtambo. Alikuwa nazo chache. Aliangalia matano yaliyoonekana, akajiuliza yako wapi mamia ambayo yalipaswa kuonekana. Mwenyewe alisema baadaye kuwa hakuwa na uhakika kamili. Na kwa maelezo yake, wakubwa walimkaripia kwa kutojaza daftari la matukio usiku ule. Mimi langu nililijaza, na tena kwa mwandiko mzuri.

Baada ya kisa cha yule mtoto nilimfuata Mama, nikamwomba anifundishe. Nilitarajia aniambie nisome kitu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi sijui kufundisha. Ila usichukue faili kabla hujamwangalia mgonjwa." Hilo ndilo lilikuwa somo lote, na lilinichukua mwaka mzima kulielewa. Nikifika kitandani naanza kwa kufungua faili. Ananinyang'anya, analiweka chini ya mto. "Mwangalie." Nasimama dakika nzima bila karatasi, mikono sijui niiweke wapi. Kisha ananiuliza: umeona nini? Mwanzoni nilimtajia magonjwa. Alikataa. Hataki ugonjwa, anataka nilichokiona. Mtoto ameshika nini mkononi? Anamwangalia nani? Nilipoingia aligeuka au hakugeuka? Midomo imekauka? Mguu upi hausogei? Ndipo ananirudishia faili, na mara nyingi nilichokiona kinakuwa hakimo.

Alinifundisha pia kutembea wodini. Ukiingia kwenye chumba kilichojaa, miguu yako yenyewe inakwenda kwenye kelele. Anayelia, anayelalamika, mwenye ndugu wanaogomba mlangoni. Yeye alikwenda kwanza kwa waliokaa kimya. Sababu yake ilikuwa fupi: anayelia ana hewa ya kulilia. Kwenye ajali za watu wengi hilo hufundishwa rasmi, kwamba wanaopiga kelele wanaweza kusubiri kidogo na wasiosema ndio wa kuwahi. Nililijua tangu chuoni. Lakini kulijua, na kuzielekeza nyayo zako kwenye kitanda kisichosema wakati baba wa mtu anakupigia kelele sikioni, ni vitu viwili ambavyo mimi nilidhani ni kimoja.

Stethoskopu ilibuniwa Paris mwaka 1816 na René Laennec, aliyeanza na karatasi iliyokunjwa kuwa bomba. Tangu hapo tumefundishana sauti zake kizazi kwa kizazi: mluzi, mkwaruzo, sauti ya mapovu. Kimya hakifundishiki vizuri, nadhani, kwa sababu mwalimu hawezi kukiiga.

Kuna usiku mwingine lazima niueleze, maana huu wa kwanza unaweza kumfanya msomaji adhani hekima ni ujanja wa kugundua magonjwa. Msichana wa miaka minne, nimonia, anapata dawa, hali yake si nzuri wala si ya kukatisha tamaa. Baba yake alikuwa amekaa naye siku mbili bila kulala. Karibu saa sita usiku alinisimamisha akaniuliza, "Daktari, naweza kulala kidogo?"

Nilijibu kwa dakika kumi. Nilimweleza nimonia ni nini, mapafu yanakuwaje, dawa hii inafanyaje kazi, inachukua saa ngapi kuonyesha matokeo, uwezekano wa kupona ni mkubwa lakini kuna wachache ambao hali hugeuka, na tukiona dalili gani tutabadilisha dawa. Nilimchorea hata picha ya mapafu nyuma ya karatasi ya maabara. Baba alitikisa kichwa kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akarudi akakaa vilevile, macho wazi, mkono mmoja kwenye mguu wa mwanawe.

Mama alikuwa anasikiliza. Akasogeza kiti upande wa pili wa kitanda, akaketi, akasema, "Lala, baba. Mimi nipo hapa. Kikibadilika chochote nitakuamsha mimi mwenyewe, si mtu mwingine." Yule baba alilala kabla hata hajanyoosha miguu. Mama alikaa pale akijaza chati zake magotini. Alikuwa na wagonjwa wengine wa kuhudumia na akaniagiza mimi niwapitie, kwa hiyo picha yangu ya mapafu ilinigharimu kazi ya saa nzima.

Baadaye korido akaniambia, "Amekuuliza swali moja, wewe umemjibu kumi." Nikajitetea: ana haki ya kujua. "Anayo," akasema. "Kesho akiamka mweleze yote. Usiku huu alikuwa anakuuliza kama mtoto atakufa akiwa amefumba macho." Asubuhi nikamweleza yote. Akauliza maswali mazuri, akakumbuka hata lile la dawa ya pili. Maneno yalikuwa yaleyale ya usiku. Na hiyo picha aliichukua, akaikunja, akaitia mfukoni.

Nisije nikaonekana nawasifu wazee kwa sababu ya mvi zao. Pale pale palikuwa na mkubwa mwingine, ana miaka sawa na Mama kazini, labda zaidi, ambaye kila jipya lilimkera. Alikuwa na jibu moja kwa kila swali: "Mimi nimeanza kazi hii hujazaliwa." Tunasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Ni kweli, kama macho yanafunguliwa. Yeye aliishi kwingi, na wagonjwa walilipa gharama ya alichokuwa hataki kukiona.

Na historia ya kazi yetu imejaa watu kama yeye, wenye vyeo. Ignaz Semmelweis, huko Vienna mwaka 1847, aliona kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walikufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko waliozalishwa na wakunga. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, vifo vikashuka sana. Wengi wa wakubwa wa wakati wake hawakutaka kusikia. Uzoefu wao ulikuwa umekwisha kuwaambia ukweli. Lakini hata Semmelweis mwenyewe, ambaye alikuwa sahihi, alichelewa mpaka 1861 kutoa kitabu chake, kisha akawaandikia wenzake barua za wazi akiwaita wauaji. Ninalisema hili kwa kusita, maana sijawahi kubeba mzigo alioubeba yeye. Ila najiuliza ni akina mama wangapi wangepona kama angekuwepo karibu naye mtu wa kumwambia: hili ni kweli, sasa tafuta namna ya kuwafanya walisikie.

Kwa Mama niliona upande wa pili wa jambo hilohilo, na hapa zamu ya kuwa na habari ilikuwa yangu. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilitokana na ugunduzi wa mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kinapitisha mwanga kwenye ngozi na kukadiria oksijeni iliyo kwenye damu. Mama alikiamini, na alikuwa na sababu, maana aliwahi kufanya kazi kabla hakijafika wodini. Mwishoni mwa 2020 ulitoka utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Yaani namba inasoma vizuri, damu haiko vizuri. Niliusoma, nikauhifadhi kama kawaida yangu, na nikakaa nao wiki mbili bila kusema, kwa sababu sikujua namna ya kumwambia mtu aliyenifundisha kutazama kwamba kuna kitu tumekuwa tukikitazama vibaya.

Mwishowe nilimwambia. Aliuvua mkanda wa saa yake, akausugua mkono pale ulipombana, akafikiri. Aliniuliza mambo matatu. Walijuaje kuwa kifaa kimekosea? Nikamwambia: walilinganisha na damu iliyochotwa kwenye mshipa wa ateri. La pili: hao walikuwa watoto au watu wazima? Watu wazima. La tatu: "Sawa. Kesho asubuhi wewe utafanya nini tofauti?"

La tatu sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeusoma utafiti ule mara mbili, nimewatumia watu kumi na wawili, na sikuwa nimejiuliza. Tulikaa tukalitengeneza jibu pamoja, na halikuwa la ajabu: namba ikiwa nzuri na mtoto mbaya, tunamwamini mtoto, namba ikiwa pale mpakani, tunapima mara nyingi zaidi na kuangalia inaelekea wapi, namba ikiwa mbaya na mtoto anacheka, kwanza tunaangalia kidole, kama kina baridi au kucha zimepakwa rangi. Kesho yake nilimsikia akiwaeleza wauguzi wapya, na akasema, "Daktari wetu amesoma jambo." Miaka yote ile kazini, na alilipokea kutoka kwa mtu ambaye bado alikuwa anapotea akitafuta stoo.

Tangu hapo nilianza kijidaftari. Si cha kuandika nilichojifunza, cha hivyo ninavyo tele. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika "nilidhani", kulia "ikawa". Kushoto najaza kabla sijajua mwisho, vinginevyo mtu hujikumbuka kuwa alijua. Kurasa za mwanzo ni chungu kusoma. "Nilidhani: homa ya kawaida, atarudi nyumbani kesho. Ikawa: homa ya uti wa mgongo." "Nilidhani: mama huyu anatia chumvi. Ikawa: hapana." Hilo la pili limejirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, nami sasa mzazi akiniambia "huyu si mtoto wangu ninayemjua" nasimama, hata kama namba zote zimenyooka. Pia kuna kurasa ambako nilidhani vibaya na mgonjwa akapona bila mimi. Hizo nazo naziandika.

Mafaili ya simuni sikuyafuta. Nayatumia kila siku. Vipimo vya dawa za watoto ni hesabu, na hekima ya mtu asiyekumbuka hesabu sahihi inaua. Nimepunguza tu makundi, kutoka manne hadi moja. Nikihifadhi makala siku hizi najilazimisha kuandika juu yake lile swali la tatu la Mama, na nyingi zinaishia hapo, sina la kujibu, nazifuta.

Wiki ya mwisho kabla hajastaafu tulipangwa zamu moja ya usiku, shwari kuliko zote ninazozikumbuka. Nikamuuliza jambo nililokuwa nalo miaka yote. Usiku ule wa mtoto wa pumu, ulijuaje? Ulikuwa unapita tu, na trei mkononi. Ulikuwa hujamsikiliza kifua, hujaona chati. Uliona nini?

Alifikiri kidogo kumkumbuka ni mtoto yupi. Akaniambia hakumtazama mtoto.

"Nilimtazama mama yake. Tangu saa mbili alikuwa anamsimulia hadithi ya sungura, haimalizi, akifika mwisho anaanza upya. Kila nikipita nasikia sungura. Mara ile nilipopita, amenyamaza. Anamwangalia tu."

Nilikuwa nimesimama kiwiko kwa kiwiko na yule mama, nikihesabu pumzi kwa dakika nzima. Sikumbuki sungura yeyote. Nilitoa kijidaftari mfukoni niandike, nikakaa na kalamu, sijui niliweke upande upi.